Seredani moja, Mkunazini

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima. Njia inayouleta kutoka Bara, chini ya bahari, ilikuwa imeharibika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Ilikuwa kaskazi, joto la kukosesha usingizi. Mafeni yamesimama, mifereji mikavu kwa kuwa pampu hazisukumi maji, samaki wa asubuhi hafiki jioni. Wenye majenereta waliyawasha. Sisi wengine tulikaa nje mpaka usiku mkubwa.

Lakini mtaani kwetu Mkunazini kukaa nje kulikuwa na mipaka yake. Baraza moja ilikuwa ya CCM, chama kilichotawala, na nyengine, hatua chache mbele, ya CUF, wapinzani wao. Ami yangu, aliyenilea, alikuwa na baraza yake. Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu udogo, alikuwa wa baraza ya pili. Tangu uchaguzi wa 2005 hawakupeana salamu. Visiwani miaka ile hilo halikuwa ajabu. Watu walisusiana harusi, walisusiana maduka, hata maziko.

Aliyepokewa kote kuwili alikuwa Babu muuza kahawa. Baba yake alikuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut, Yemen, kama Washihiri wengi wa mjini, na akamwachia kazi ile ile. Buni aliikaanga mwenyewe mpaka ikawa nyeusi, akaitwanga kwa kinu, akaipika na tangawizi na iliki. Usiku alipita vichochoroni na dele lake la shaba, mkaa unawaka chini yake, mkono mwengine ukigonganisha finjani ili hata aliye ghorofani ajue kahawa imefika. Kahawa yenyewe chungu, haina sukari. Utamu ulikuwa wa kashata.

Kiza kile kilipandisha bei ya mkaa, maana hata waliozoea majiko ya umeme sasa walipikia seredani, majiko ya mkaa. Babu akaacha kuzunguka. Akatua kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, katikati ya baraza mbili, na jawabu lake kwa kila mtu likawa moja: "Moto ndio huu. Anayetaka kahawa aje." Watu wakatuma watoto kuwachukulia, akakataa. Finjani zake zilikuwa chache, moja inaoshwa ndipo mwengine anywe, hazikuweza kwenda mbali. Ikabidi wazee waje wenyewe, wanywe pale pale. Siku za mwanzo walisimama, hawa upande huu wa njia, hawa upande ule.

Usiku ninaoukumbuka ni wa mwisho wa Januari. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeunga mkono serikali ya umoja wa kitaifa, miezi michache tu baada ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF kukutana Ikulu, na kila mtu alitaka kusikia. Redio yenye betri nzima ilikuwa ya jirani. Akaja nayo, akaiweka karibu na seredani. Ami akasogea ili asikie, akasogea tena, mwisho akakaa kwenye kizingiti kile kile, bega kwa bega na mtu aliyekuwa akimpita njiani kama ukuta.

Taarifa ikasomwa ikesha. Hakuna aliyeshangilia. Babu akamimina finjani mbili, zote akampa jirani.

"Hebu mpe mwenzio."

Jirani akageuka, akamnyooshea. Ami akaipokea.

"Ahsante." Akapiga funda moja. "Tangawizi leo imezidi."

"Tangu juzi imezidi," jirani akajibu.

Ndiyo maneno yao ya kwanza kwa zaidi ya miaka minne. Babu alisikia akitiwa ila kahawa yake, wala hakujitetea. Nikatumwa kashata, niliporudi wanazungumzia bakora za maalimu wao wa chuoni.

Namshukuru mzee yule mpaka leo, na kahawa yenyewe naishukuru. Ukiipokea ya moto huwezi kuimeza ukaondoka, unangoja ipoe, na katika kungoja huko mtu hulazimika kusema neno. Nina hakika chai ya nyumbani isingeweza kazi ile, maana kila mtu angeinywa kwake.

Umeme uliporudi, televisheni ziliwarudisha baadhi ya watu ndani, lakini Babu hakuhama pale kizingitini. Tarehe 31 Julai 2010, siku ya kura ya maoni juu ya serikali hiyo ya umoja, Ami na jirani yake walitoka pamoja kwenda kupiga kura. Mwaka 2015 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, ubaridi ukarudi mitaani, na baraza zikagawanyika upya. Wao wawili hawakugawanyika.

Ami alipofariki, jirani alitangulia kubeba jeneza. Siku ya khitma buni, mkaa na tangawizi vyote alinunua yeye, na sisi watoto tulipomletea mchango wetu alitukatalia.