Siku Skana Iligoma Mara Tatu

Saa 12:30 asubuhi nashuka Outer Ring Road na begi mgongoni. Ndani mna skana, yaani mashine ya kusomea hitilafu kwenye kompyuta ya gari, multimita ya kupimia umeme, taa ya kupimia moto na klipu ya karatasi. Hiyo klipu usiicheke. Kazi yangu ni umeme wa magari, pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, na wateja wangu wengi hufika na maneno yaleyale: "Fundi, mashine imekataa kusoma gari."

Saa 2:00. Mama mmoja ameshaambiwa na gereji mbili kwamba kompyuta ya gari lake imeungua. Nachomeka skana, haiwaki hata taa. Skana yangu haina betri, inakula moto wa gari kupitia tundu la 16 la ile soketi iliyo chini ya usukani. Napima tundu la 16 na la 4, ambalo ni hasi. Sufuri.

"Mama, chaja ya simu inafanya kazi humu?"

"Iliacha wiki jana, nikadhani ni chaja."

Magari mengi hutumia fyuzi moja kwa kiberiti cha sigara na soketi ya skana. Kwenye kiberiti natoa sarafu ya shilingi tano, ukingo wake umeungua mweusi. Fyuzi mpya, skana inawaka, kompyuta ni nzima kabisa. Gereji mbili, na hakuna hata moja iliyofungua kisanduku cha fyuzi!

Saa 4:15. Mzee wa teksi na Corolla ya 1998, ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Mwanawe amemnunulia kidude cha Bluetooth cha kusomea gari kwenye simu, na simu inazunguka tu haisomi. Moto upo, hasi ipo. Soketi ina matundu 16 kama za siku hizi, ila umbo la soketi si lugha. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, ile lugha moja ya kusomea magari ambayo kidude hiki huijua, kuanzia magari ya 1996. Toyota nyingi za Japani za miaka hiyo ziliendelea kuongea kwa namna yao.

Basi naichukua klipu. Nafungua boneti, nafungua kile kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC, naunganisha matundu mawili, TE1 na E1, nawasha swichi bila kupiga injini. Taa ya injini inapepesa: mbili, kimya kidogo, mbili. Ni namba ya kosa, ishirini na mbili: sensa ya joto la maji. Plagi yake ina kutu ya kijani. Mzee anauliza kama klipu inauzwa.

Saa 7:00, chapati madondo, haraka.

Saa 8:00 inaingia Golf ya 2002, na hii ndiyo imenila mchana. Skana inawaka vizuri, lakini kompyuta ya injini haijibu, ya ABS (breki) haijibu, ya dashibodi haijibu. Zote zikinyamaza kwa pamoja, mimi huanza na waya ambao zote huutumia kuongea na skana. Kwenye Golf hii ni K-line, tundu la 7. Nazima swichi, nachomoa skana, napima tundu la 7 na la 4. Omu mbili! Waya wa mazungumzo umeshikana na hasi mahali fulani, na ukiwa hivyo hakuna anayeweza kutamka neno.

Namwuliza kijana mwenye gari ni kitu gani kimeguswa karibuni. "Hakuna, fundi." Natazama dashibodi: redio mpya, skrini kubwa inayong'aa.

"Na hii?"

"Aa, hiyo ni redio tu."

Redio tu! Kwenye Golf za umri huo, K-line hupita hadi kwenye plagi ya redio, kwa sababu redio ya kiwandani nayo husomwa na skana. Redio ya nje haiujui waya huo, huupeleka popote. Naivuta itoke, nachomoa plagi, napima tena: ule mshikano umeisha. Nautoa waya huo kwenye plagi, naufunga tepu, narudisha redio. Skana inaita, injini inaitika, kisha ABS.

Saa 11:15 kijana anaondoka, muziki juu. Nakusanya vyombo, klipu siioni. Mwanafunzi wangu ameitumia kutolea laini ya simu, na ameikunja.