Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Jiografia Isiyoitwa Jiografia

Saa mbili asubuhi nafungua kompyuta na kukuta barua pepe ya mwanafunzi anayekaribia kumaliza sekondari. Anauliza kama shahada ya jiografia itampatia ajira, kwa kuwa katika matangazo yote ya kazi aliyosoma hajaona hata moja linalomtafuta mwanajiografia. Ameona sawasawa. Mimi niliisoma shahada hiyo, na mkataba wangu unaniita mchambuzi wa hatari za mafuriko. Nitamjibu alasiri, kwa sababu mvua imenyesha siku tatu mfululizo katika bonde la mto tunalolifuatilia na picha mpya zimefika.

Mawingu yamelifunika bonde lote, hivyo picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo anga ikiwa safi hutofautisha vitu vya ukubwa wa mita 10, leo ni weupe mtupu. Nageukia Sentinel-1, ambayo hutumia rada na huona hata kukiwa na mawingu. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi ya rada upande wa pili badala ya kuyarudisha, ndiyo maana huonekana meusi. Lakini barabara pana ya lami na mchanga mkavu ulio tambarare navyo huonekana hivyo hivyo. Kompyuta huhesabu weusi wote kuwa maji. Kuamua upi ni maji na upi ni lami kunahitaji mtu anayeijua miinuko, udongo na mwenendo wa mto, na kazi hiyo inanichukua saa moja na nusu.

Saa nne tunakutana na mhandisi wa maji, ofisa mipango miji na mtaalamu wa bima. Wawili kati yao walianza na shahada ya jiografia, ingawa vyeo vyao havisemi hivyo. Tunabishana kuhusu makazi moja yenye miti mingi ambayo hesabu za mhandisi zinayaonyesha kuwa juu ya maji. Ninapinga. Data ya mwinuko aliyoitumia ilikusanywa kwa rada kutoka angani mwezi Februari 2000, na penye miti minene rada hiyo ilipima karibu na vilele vya miti badala ya ardhi yenyewe. Watu wanaoishi pale wako chini kuliko ramani inavyodai.

Saa saba tunakwenda kuthibitisha. Mama mmoja mzee ananionyesha alama ya maji kwenye ukuta wake, nami naipima kutoka sakafuni na kurekodi mahali ilipo. “Maji hayaji kwa upande wa mto, mwanangu,” ananiambia, “huzungukia nyuma, kwenye korongo.” Korongo hilo halimo kabisa katika data yetu. Naliingiza, na hesabu zote zinabadilika.

Saa kumi namjibu mwanafunzi. Namshauri atafute kazi kwa jina la shughuli: uchambuzi wa data za kijiografia, mipango miji, tathmini ya athari kwa mazingira, usimamizi wa maafa, usafirishaji, bima, ualimu. Hata afya ya jamii imo. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mtaa mmoja wa London na kuonyesha kwamba vilizunguka pampu moja ya maji. Simfichi magumu: aliyekariri madokezo tu hupata shida, na katika nchi nyingi shahada hii peke yake haimruhusu mtu kusaini upimaji wa mipaka ya viwanja. Ajifunze takwimu na kuandika programu mapema, na asisubiri chuo kimnunulie vifaa, kwani QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, ni ya bure na picha za setilaiti za Landsat hazilipiwi tangu mwaka 2008. Namwomba achague mto ulio karibu naye, apakue picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya baada ya mvua, achore ukingo wa maji katika kila moja, kisha anitumie nimkosoe.

Saa kumi na moja na nusu natuma ramani iliyosahihishwa kwa wanaosimamia uokoaji. Makazi yale yenye miti sasa yamo katika eneo la kuhamishwa kwanza.