Yupi umwone kwanza?

Tangu nifaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, karibu kila wiki napata ujumbe wa WhatsApp: "Dada, hujambo? Nisaidie na zile PDF za maswali." Sina PDF. Na nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ni za kabla ya Aprili 2023, mtihani ulipobadilishwa. Siku hizi kuna visa: unafunguliwa faili la mgonjwa mmoja, maandishi ya wauguzi, vipimo, maagizo ya daktari, kisha maswali sita yanamfuata huyo huyo tangu dalili ya kwanza mpaka kuangalia kama matibabu yamemsaidia. Kukariri A, B, C, D hakukupeleki popote hapo.

Ninachoweza kukueleza ni jinsi nilivyosoma magonjwa ya ghafla na magonjwa sugu, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tuliosomea Kenya tunakwama, na si kwa kukosa kuyajua. Wodini tumewauguza hao wagonjwa wa kisukari, presha na figo hadi tumechoka. Lakini mtihani haukuulizi ugonjwa ni nini. Unakuwekea wagonjwa wanne na kukuuliza yupi umwone kwanza, na wote wanne wanatisha.

Chukua hawa. Mzee wa COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni ya damu 90%. Mama wa figo anayesubiri kusafishwa damu, kreatinini (uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa) iko juu. Mgonjwa wa moyo mwenye miguu iliyovimba. Na kijana aliyevunjika mguu, kafungwa plasta jana, anasema dawa ya maumivu haimsaidii na vidole vimeanza kufa ganzi.

Nenda kwa kijana. Wale watatu wana hali mbaya, ila ndiyo hali yao ya kila siku. COPD tunataka oksijeni iwe kati ya 88 na 92%, kwa hiyo mzee yuko sawa kabisa. Kijana ndiye mwenye jambo jipya: shinikizo limepanda ndani ya misuli, damu haipiti vizuri, na asipofunguliwa mapema misuli inakufa. Juu ya kila ukurasa wa daftari langu niliandika: "Hili ni lake la kila siku, au limeanza leo?"

Sasa usije ukakariri kwamba mwenye ugonjwa sugu husubiri. Mama huyo huyo wa figo, potasiamu ikipanda hadi 6.8 na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikabadilika, anaruka foleni yote.

Hili nililiona kwa macho yangu. Wakati nasoma nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, kama msaidizi wa wauguzi. Kulikuwa na bibi wa COPD aliyekuwa anaketi ukingoni mwa kitanda, viwiko mezani, midomo ameikunja kama anayepuliza uji wa moto. Kila usiku hivyo hivyo, na hakuna aliyeshtuka, wala hapakuwa na cha kushtua. Usiku mmoja nikamkuta amelala chali, ametulia, ukimwamsha anafumbua macho na kuongea yasiyoeleweka. Utulivu ule ndio ulionikimbiza kumwita muuguzi wa zamu. Hewa chafu, kaboni dioksidi, ilikuwa imemjaa kwenye damu.

Kwenye kisukari, anza na vipimo. Sisi Kenya tumezoea kupima sukari kwa mmol/L, Wamarekani wanatumia mg/dL. Zidisha ya kwetu kwa 18 upate ya kwao. Sukari ya 180 ambayo kwa jicho la Kenya ni maajabu, kumbe ni 10 tu. Na 62, inayoonekana kama mgonjwa amekwisha, ni 3.4: imeshuka, mpe gramu 15 za sukari ya haraka kama yuko macho na anameza, pima tena baada ya dakika 15.

Ile hali ya sukari kupanda mpaka damu inakuwa na asidi, DKA, isome kwa sababu zake. Maji ya dripu kwanza, maana mgonjwa amekauka. Kisha insulini ya kawaida (ile inayoitwa "regular") kwenye mshipa, lakini uangalie potasiamu kabla. Insulini huisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Ikiwa tayari iko chini ya 3.3 ukaianzisha insulini, unaweza kuusimamisha moyo. Halafu wanakuja na mtego wanaoupenda: sukari imeshuka hadi 240, utegemee agizo gani? Mkono unakimbilia "simamisha insulini". Hapana. Dekstrosi inaongezwa kwenye dripu na insulini inaendelea, kwa sababu asidi bado haijaisha.

Upande wa kumfundisha mgonjwa ni mwepesi zaidi. Wa moyo ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, mzani ule ule. Akiongezeka pauni 2 hadi 3 kwa siku moja, au 5 kwa wiki, apige simu. Wa figo asiguse chumvi mbadala, maana nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Mwisho ni kugawa kazi, na hapo mazoea yetu ya Kenya yanatuponza. Kule ndugu wa mgonjwa analisha, anaogesha, hata anakuambia dripu imeisha. Kwenye mtihani kuna muuguzi mwenye leseni na wasaidizi wake. Msaidizi anapima uzito, anaandika mkojo, anachukua joto la mgonjwa aliyetulia. Kutathmini, kufundisha na kuamua kama dawa imefanya kazi ni kwako. Jibu linalomwachia msaidizi amwonyeshe mgonjwa kujidunga insulini, lifute bila kusoma mara mbili. Mimi nilikuwa huyo msaidizi, na diploma yangu na miaka yangu ya wodini, na sikuruhusiwa hata kumweleza bibi dawa zake. Iliniuma sana, lakini sehemu hiyo sikuhitaji kuikariri.