Kumbukumbu ya Roadster: boneti imekaa

Imekaa. Leo jioni nimeifunga kwa viganja viwili, nikapitisha kidole kutoka madigadi ya kushoto hadi ya kulia, na kidole hakikujikwaa popote. Jumamosi nne zimeishia kwenye boneti hii. Naandika usiku huu huu, mikono bado inanuka grisi, kabla sijasahau nilipokuwa napotea.

Gari ni lile lile, Eunos Roadster ya 1992 yenye injini ya 1.6. Eunos ndilo jina ambalo Mazda waliuzia MX-5 ya kwanza huko Japani. Nililinunua hapa Dar likiwa limeshagongwa kushoto na kunyooshwa na fundi nisiyemjua. Kona ya nyuma kushoto ya boneti, pale karibu na kioo cha mbele, ilikuwa imezama milimita 3 chini ya madigadi. Mwanya kati ya boneti na madigadi kule nyuma ulikuwa milimita 2 kushoto, 4 kulia. Mbele, pande zote mbili, 4 kwa 4. Mtu asiyejua gari hizi haoni kitu. Mimi nilikuwa naona kila nikifungua geti, na lilikuwa linanikera kiasi cha kuegesha gari likinionyesha ubavu wa kulia.

Jumamosi ya kwanza nilitoa loki, maana loki ikiwepo huivuta boneti kwake na kukudanganya. Nikachora bawaba kwa penseli, nikalegeza bolti, nikaisukuma boneti kulia hadi nyuma ikawa 3 kwa 3. Nilifurahi kwa dakika tano. Nilipoinua taa, maana taa za gari hili hujificha na kuinuka zinapotumika, kifuniko cha taa ya kulia kikakwaruza ukingo wa boneti na kung'oa rangi ukubwa wa punje ya mchele. Bila shaka: ukisogeza nyuma peke yake, boneti inazunguka, na upande wa kulia unakwenda mbele. Kwenye gari hizi vifuniko vya taa vimekaa ndani ya mikato ya boneti yenyewe, kwa hiyo kosa la milimita 1 nyuma unalilipa mbele. Ile rangi iliniuma. Ilikuwa ya kiwandani.

Jumamosi ya pili niliacha mwanya, nikashika kimo. Niliweka washa moja (ile pete bapa ya bolti) chini ya bawaba ya kushoto, kisha mbili. Kona ikapanda, ikalingana na madigadi. Lakini boneti ni kama meza ya miguu minne: mbele kulia ikabana raba yake, ile inayoibeba kona na kuzungushwa ili kuipandisha au kuishusha, mbele kushoto ikaelea. Nikaizungusha raba ya kushoto juu ili iifuate, na sasa boneti ikasimama juu ya pua ya gari. Kila nilichorekebisha kilizaa kingine. Nilifanya hivyo kutoka asubuhi hadi adhuhuri, fungua, robo mzunguko, funga, pima, fungua tena. Isitoshe, boneti hii ni ya alumini na washa zile zilikuwa za chuma. Kwa hewa ya bahari tuliyo nayo hapa, chuma kikigusa alumini iliyochubuka, unga mweupe hauchelewi kuota. Nilizitoa zote jioni ile.

Hapa niseme jambo kuhusu vifaa. Nilianza kupima mianya kwa vernia ya kidijitali na nimeiacha kabisa. Meno yake yanachuna rangi, na kwenye ukingo uliopinda inakupa namba tofauti kila ukiigusa. Sasa natumia mashina ya biti za drili: biti ya 4 ikipita kwa kuteleza, mwanya ni 4, hakuna mjadala. Izungushie tepu ya karatasi ukihofia rangi. Na tafadhali, ile bunduki ya kufungulia nati isikaribie bolti za boneti. Nyuzi ziko upande wa alumini. Zikikatika umejiongezea mradi mwingine. Spana ya mkono inatosha, na unasikia bolti inavyokaza.

Jumamosi ya tatu niliamini bawaba ya kushoto imepinda. Nilizunguka Gerezani, kwa wauza vipuri, mchana kutwa nikitafuta nyingine, nikarudi mikono mitupu. Nikaitoa ile ile, nikailaza juu ya kioo cha meza. Haikupinda hata kidogo. Nilikaa pale chini kwa muda mrefu nikiitazama. Nilikuwa na hasira kwelikweli, si na gari, ila na ule muda.

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilimwomba dada donge la unga wa chapati, nikaligawa vipande viwili vilivyolingana, nikavifunga kwa nailoni na kuviweka juu ya bati lililo chini ya kioo cha mbele, kimoja chini ya kila kona ya nyuma ya boneti. Bawaba zilikuwa zimerudi kwenye kivuli chake cha zamani, pale ambapo rangi ya kiwandani inaonyesha zilipokaa tangu gari lizaliwe. Nikafunga boneti taratibu, mpwa wangu akibana upande wa pili, nikafungua. Nilikata vile vipande kwa wembe na kupima unene wake. Vilikuwa sawa. Kushoto na kulia, sawa kabisa.

Boneti haikuwa imezama. Madigadi ndiyo ilikuwa imepanda.

Nilikwenda mlangoni na kupitisha kidole kutoka madigadi kwenda mlango wa kushoto. Pale juu madigadi imezidi mlango kidogo, na nilijua siku zote. Nilidhani mlango umelegea bawaba. Nikafungua mlango, nikalegeza bolti ya pembeni mle ndani, zile za chini, na safu yote ya juu kando ya injini. Chini ya bolti ya mwisho ya juu, karibu na kioo, kulikuwa na washa mbili nene, zimepakwa rangi ya gari pamoja na bolti. Aliyenyoosha gari alishindwa kuilaza madigadi, akaiinulia pale na kuisukuma ndani hadi matundu yakakutana. Nilizitoa. Madigadi ikashuka yenyewe na sauti ndogo ya bati. Nikaivuta nje milimita 2, nikailinganisha na mlango kwanza, kisha na boneti, nikakaza. Biti ya 4 ikapita kushoto kutoka nyuma hadi mbele. Kulia nayo, baada ya kuisogeza boneti yote kulia chini ya milimita moja. Taa zimepanda na kushuka mara kumi bila kugusa kitu. Nusu saa.

Zile washa mbili nimeziweka kwenye droo ya spana. Sitaki kuzitupa.

Mpango ulikuwa wiki ijayo nipake rangi pale palipokwaruzwa, kisha nianze kushughulikia turubai la paa. Vyote vitasubiri. Nilipoilegeza madigadi kule chini niliingiza kidole nyuma yake, mbele ya mlango, na nikatoa tope bichi lililochanganyika na majani ya mwembe. Jua limewaka wiki nzima na tope lile bado lina maji. Nikapenyeza tochi, nikaona bati lina malengelenge ya kutu, bado halijatoboka. Kulia sijatazama, lakini gari linalala chini ya mwembe huo huo. Kwa hiyo Jumamosi madigadi zote mbili zinatoka kabisa. Nimeshanunua brashi ya waya na dawa ya kutu, na safari hii nitapiga alama za penseli kwenye kila bolti kabla sijagusa chochote.