Sinema za Mapenzi za Kizamani: Mandhari Isiwe Pambo Tu

Kampuni ya filamu ya Paramount ilitaka Roman Holiday ishutiwe studio Marekani. Mwongozaji William Wyler akang'ang'ania Roma yenyewe, bajeti ikabanwa, na sinema ikatoka 1953 kwa nyeusi na nyeupe. Hata hivyo huoni upungufu wa rangi, maana jiji linafanya kazi tangu mwanzo mpaka mwisho.

Angalia tukio la Mdomo wa Ukweli. Ni jiwe la kale lenye sura ya mtu, na wenyeji husema mwongo akitia mkono, unang'atwa. Wanaosimama mbele yake wote ni waongo: Audrey Hepburn ni bintimfalme anayejifanya mwanafunzi mtoro, Gregory Peck ni mwandishi wa habari anayejifanya muuza mbolea. Binti anasita, anautoa mkono haraka. Jamaa anaingiza wake, anapiga yowe, anauchomoa: kiganja hakipo! Kakificha ndani ya mkono wa koti. Unacheka, huku ukijua jiwe limeshawauliza swali ambalo wao wenyewe wanalikwepa. Mwishoni binti anaulizwa na waandishi ni mji gani ulimvutia zaidi. Anaanza jibu la kidiplomasia, kisha analiacha na kusema Roma. Mpenzi wake yumo humo ukumbini, na jibu limemfikia.

Sasa linganisha na droni ikipaa juu ya ufukwe, wawili wameshikana mikono, wimbo wa taratibu. Hamisha ufukwe, weka mbuga: skripti haibadiliki hata neno. Hiyo ni kadi ya harusi, si sinema.

Kwa anayetaka kushuti Dodoma, lokesheni zenye maswali zipo. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia 2006, hufikiwa kwa kupanda mlima, na wataalamu wenyewe hawakubaliani kuhusu maana yake. Mpe kijana anayejifanya mjuzi nafasi ya kumfafanulia binti kila mchoro, halafu mwongoza wageni halisi atokee nyuma yao. Shamba la zabibu nalo linafaa: wawili wanavuna pande mbili za mstari, wanaonana vipande vipande kupitia majani. Ila muulize mkulima tarehe ya kupogoa kabla hujakodi gari. Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mzabibu uliotoka kupogolewa ni vijiti vitupu. Kuna miezi mitatu minne kabla ya kuona vichala vilivyoiva.

Jua linakuwa utosini karibu saa sita na nusu mchana, macho ya waigizaji yanageuka mashimo meusi. Shuti mpaka saa mbili na nusu asubuhi, urudi saa kumi jioni. Giza linaingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Katikati fanyeni mazoezi. Ukilazimika, tafuta kivuli na umwelekezee muigizaji shuka jeupe lirudishe mwanga usoni. Kiangazi ardhi na nyasi ni kahawia tupu, kwa hiyo nguo ya khaki au udongo inammeza mvaaji. Mvishe bluu au nyeupe.

Adui mkubwa ni upepo. Maneno ya kunong'onezana ndiyo roho ya sinema hizi, na maiki ya kamera haiyapati. Tumia maiki ndogo ya kubana kifuani yenye kifuniko cha manyoya, uyarekodi maongezi ya chini asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Kila lokesheni rekodi pia sekunde 30 za ukimya. Bila hizo, sauti itaruka kila unapokata picha. Lenzi usibadilishie nje: vumbi likishaingia kwenye sensa, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha, utaliona angani kila shoti.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema, na kwa Kolo zungumza pia na wasimamizi wa eneo. Pale, mtu wa kamera asishawishike kuimwagia michoro maji ili ing'ae. Inang'aa dakika chache tu, na maji huiharibu.