Nilivyoiacha hataza nikaufuata mkataba

"Mna hataza?" Mwekezaji mmoja aliniuliza hivyo tulipokutana Masaki, akimaanisha haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wetu, na kwa kuwa sikuwa na jibu, nilirudi ofisini kwetu Kijitonyama nikiamini kwamba kampuni yetu changa, iliyowawezesha wenye maduka kuagiza bidhaa Kariakoo kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ya kitochi, haikuwa na kinga yoyote.

Wakili niliyemwendea Posta alinisikiliza, kisha akauliza: "Mdogo wangu, unachotaka kukilinda ni kipi hasa?" Nikamweleza utaratibu wetu wa kupokea oda. Akasema Sheria ya Hataza ya Tanzania ya 1987 haiuhesabu utaratibu wa kufanya biashara kuwa uvumbuzi, na hata ingeuhesabu, sisi tulikuwa tumeutumia hadharani kwa zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo haukuwa kitu kipya tena. Nilimtajia Amazon, ambayo mwaka 1999 ilipata hataza ya kununua kwa kubonyeza mara moja na mwaka huohuo ikaishtaki kampuni shindani ya Barnes & Noble. Akanijibu kwamba hataza ya Marekani haina nguvu hapa, na kwamba hukohuko Marekani, katika shauri la kampuni ya Alice la mwaka 2014, Mahakama ya Juu iliamua kuwa wazo la kidhahania haliwi la kustahili hataza kwa kutiwa tu kwenye kompyuta. Nami nikajiuliza: hata tungeipata, fedha za kumshtaki anayetuiga tungezitoa wapi?

"Sasa mkataba wa kijana aliyeandika programu uko wapi?" wakili akauliza.

Haukuwepo. Tulimlipa kwa simu, kwa awamu, na makubaliano yote yalikuwa WhatsApp, yamechanganyika na michango ya harusi. Kijana mwenyewe alikwisha kuhamia Arusha, na nywila ya seva alikuwa nayo yeye peke yake. Ilinichukua wiki tatu za kubembeleza, na kusema kweli alikuwa na haki ya kununa, kwani awamu ya mwisho hatukuwahi kumlipa. Tulipomlipa, alisaini hati ya kutukabidhi haki zote za programu.

Baadaye niliisajili programu hiyo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ingawa hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa na cheti ni ushahidi tu, kisha nikapeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ombi la alama ya biashara. Niliporudi Masaki, mwekezaji aliisoma hati ya kijana mara mbili, akaichunguza saini, akaomba nakala. Habari ya hataza hakuigusa.