Neema niliyoipokea wodini, na jinsi ninavyowatia moyo akina mama wenzangu

Kwetu tulilelewa kutoa. Mgeni akifika, atakaribishwa maji ya kunawa, kisha chakula, na akiaga hasindikizwi mikono mitupu. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na sikumbuki hata siku moja aliyokwenda kumwona mgonjwa bila kubeba chochote. Kupokea hakuna aliyetufundisha. Mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima, hapa Mwanza, kando ya kitanda cha mwanangu, na ndipo neno neema nililolikariri tangu darasa la kipaimara lilipoanza kuwa na uzito kwangu.

Mwanangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka, akawa ukimgusa tu analia. Vipimo vilipotoka, daktari alituketisha mimi na baba yake akatueleza kwamba kila mmoja wetu amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huu bila kuumwa chochote, na kwamba kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kutuletea mtoto mgonjwa. Akasema kinasaba hicho kimeenea zaidi kwenye maeneo ya malaria, kwa sababu anayebeba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana sisi wa Kanda ya Ziwa tunao watoto wengi wa namna hii. Tanzania nzima huzaliwa zaidi ya 10,000 kila mwaka.

Maelezo ya daktari yalinisaidia sana, lakini mtaani yapo maelezo mengine. Nilisikia habari za laana ya ukoo, nikaulizwa mizimu ya upande gani haijatulizwa. Hata kati ya watu wa maombi wapo waliosema imani yetu ikikamilika dawa hazitahitajika. Mwinjilisti wetu alipokuja nyumbani alifungua Yohana 9, pale wanafunzi wanapouliza juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni yupi aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Mwinjilisti akafunga Biblia, akasema, "Mama, dawa mpe kwa saa zake, na maombi tutaomba." Sijapata ushauri wa kiroho uliokuwa na manufaa kuliko huo.

Kulazwa ndiko kulikonishinda nguvu. Safari moja damu ya mtoto ilishuka sana, na maumivu hayakumpa usingizi. Baba yake alikuwa safarini na gari la mizigo. Kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja Msukuma anayemuuguza mjukuu wake, na wala hatukuwa tumejuana. Asubuhi aliniletea uji kwenye kikombe chake mwenyewe. Nikamwambia asante bibi, sisikii njaa. Akakaa kimya kidogo, kisha akamchukua mtoto mikononi mwangu, akanisukumia kikombe. "Kunywa, mwanangu." Nilipomaliza nililala pale pale sakafuni kwenye mkeka. Nilipoamka nguo za mtoto zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa. Nikamuuliza nitamlipa nini. Akasema, "Uji wa wodini haulipwi."

Siku hiyo hiyo tukahitaji damu. Vijana wa kwaya ya usharika wetu walikuja baada ya mazoezi, bado wana vitabu vya nyimbo mikononi, wakajitolea. Chupa waliyomwekea mwanangu haikuwa ya hao, ilikuwa imetoka benki ya damu, kwa mtu ambaye sitamjua mpaka siku ya mwisho. Nilikaa nikitazama matone yale yakishuka moja moja kwenye mpira, nikajikuta nalia, si kwa huzuni. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikipokea, na hakuna hata kimoja nilichostahili au nilichoweza kurudisha. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Mstari huo wa Waefeso nilikuwa naujua. Siku ile uliniingia.

Baadaye, kwenye semina ya wanawake, mchungaji alitufundisha jambo ambalo nimelishika hadi leo. Katika Makala za Schmalkald, maandishi ya imani ya Kilutheri ya mwaka 1537, Martin Luther, ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, anataja njia ambazo Injili hutufikia: neno linalohubiriwa, ubatizo, sakramenti ya altare, mamlaka ya funguo, yaani ya kutangaza msamaha wa dhambi, na kisha anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Akaiweka faraja ya ndugu kwenye orodha ile ile! Mimi nilikuwa nimedhani bibi yule alikuwa na moyo mzuri tu. Sasa naamini Mungu alikuwa akinihubiria kwa kikombe chake. Mchungaji akatuambia pia kwamba Luther alipofariki mwaka 1546 walikuta ameacha karatasi yenye maneno ya mwisho aliyoandika: sisi ni ombaomba, hilo ni kweli. Mwalimu mkubwa kiasi kile, naye anaondoka duniani akiwa amenyosha mkono kupokea.

Hapo nikaanza kwenda wodini Jumamosi, nikishamaliza kufua. Sikusubiri kuwa na kikundi wala barua ya kamati. Nilimwomba muuguzi wa zamu ruhusa, nikabeba chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi na vikombe. Kitu cha kwanza ninachomuuliza mama ni kama yeye mwenyewe amekula. Wote wanaokuja humuuliza mtoto anaendeleaje, na anajibu mpaka sauti inamkauka. Akiulizwa habari zake yeye, wengine huanza kulia hapo hapo, nami nakaa. Sina haraka ya kusema neno. Marafiki wa Ayubu wanalaumiwa sana, na kwa haki, lakini tukumbuke kwamba walianza vizuri: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu. Kilichoharibu ni hotuba.

Kuna maneno nimeyaacha kabisa. Simwambii mama kwamba Mungu ana makusudi yake. Inawezekana ni kweli, lakini si kazi yangu kumtangazia hivyo mtu ambaye mtoto wake anapiga kelele za maumivu. Simwambii pia ajikaze. Ninachofanya nimejifunza kwa Barnaba. Kitabu cha Matendo sura ya 11 kinasema kwamba kanisa la Yerusalemu lilipomtuma Antiokia alifika, akaiona neema ya Mungu, akafurahi, ndipo akawasihi wote waambatane na Bwana. Aliona kwanza. Kwa hiyo nami natafuta kwa macho kile ambacho Mungu ameshaanza kukifanya, nikikiona nakitaja kwa jina. Mama mmoja alikuwa ametembea usiku na mtoto mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari; yeye alijiona amechelewa. Nikamwambia, "Dada, homa ya mtoto wa sikoseli ni ya kukimbiliwa, nawe umekimbia usiku. Nguvu hizo nani alikupa?" Akanyamaza, kisha akasema, "Bwana." Hatukuongea zaidi ya hapo kuhusu dini siku ile, tukahamia kwenye soksi.

Soksi si jambo dogo. Baridi huamsha maumivu, na upepo wa ziwa mwezi wa Juni na Julai hauna huruma, kwa hiyo naongea habari za sweta na kofia. Naongea habari za maji ya kunywa mengi, foliki asidi ya kila siku, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, chandarua, na kutokukosa kliniki hata mtoto akiwa anacheza vizuri. Kwangu hayo ni sehemu ya kutia moyo. Mama anayerudi nyumbani akijua la kufanya usiku wa maumivu ana moyo kuliko yule niliyemsomea zaburi tatu.

Naomba pia, ila kwa ufupi na kwa jina la mtoto, na kwa ruhusa. Wodini tuko na akina mama wa Kiislamu, na uji hauulizi dhehebu. Yule asiyetaka sala yangu namwombea nikiwa kwenye daladala.

Mwaka juzi mmoja wetu alifiwa na binti yake. Nilikwenda msibani nikajiunga na wanawake wa jikoni, nikamenya vitunguu na kuchambua mchele, nikalala nao hapo. Usiku wa pili mama wa mtoto alikuja akakaa kwenye kiti cha jikoni karibu yangu, akaanza kunisimulia jinsi binti alivyokuwa akiimba. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1 kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu zote, ili nasi tupate kuwafariji wengine kwa faraja zile zile. Nilichokuwa nacho usiku ule ni kile nilichopewa na bibi wa kitanda cha pili, basi. Nikampa chai, nikasikiliza.

Watu huniuliza kama sichoki. Nachoka, na zipo asubuhi ambazo Biblia naifungua na mistari haisemi nami. Naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nasoma kifungu kimoja, nasema maneno ya Maombolezo, kwamba rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, nami naomba za leo tu. Halafu nimewaruhusu wenzangu wanitie moyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp nami huandika, "Leo mwanangu kaamka na maumivu, niombeeni," na ndani ya muda mfupi simu inaita. Waraka kwa Waebrania unatuambia tuonyane kila siku, maadamu iitwapo leo, na sikuona popote walipoondolewa wale wanaowatia moyo wengine.

Mwanangu sasa yuko sekondari na ni mrefu kuliko baba yake. Kinachonikaa moyoni siku hizi ni akina baba. Wanakuja wodini jioni, wanasimama miguuni pa kitanda, wanaacha hela, wanaondoka, na hakuna anayewauliza kama wamekula. Mume wangu ameanza kuja nami Jumamosi asizosafiri. Anakaa nao nje kwenye benchi, wanaanza na Simba na Yanga, na baada ya muda anawaeleza lile la kinasaba cha baba na cha mama, maana wengi bado wanawalaumu wake zao peke yao. Mwezi uliopita mmoja alimwomba wasali pale pale benchini. Mume wangu hata kwenye jumuiya hajawahi kuongoza sala, lakini aliomba. Sasa tunatafuta wanaume wengine usharikani waungane naye, na mzee mmoja wa kanisa ameshakubali kuanza Jumamosi ijayo.